Wadudu Waharibuo Sukuma Wiki, na Jinsi ya Kuwatambua

(Maneno ya mazungumzo kwa wakulima wa mboga, wa mashambani na wa mijini)



Mboga inayohusika na mazungumzo haya haihitaji kujulishwa kwa mtu. Imo katika mashamba ya Limuru, imo katika vilima vya Taita, imo Kisii na Bungoma, na hata Nairobi imo katika magunia yaliyojazwa udongo na kusimamishwa karibu na mlango wa nyumba, kila gunia limetobolewa ubavuni ili miche ipate kutokeza. Jina lake lenyewe laeleza kazi yake. Fedha zikipungua kabla ya siku ya mshahara, sukuma wiki ndiyo ikaayo sahanini pamoja na ugali mpaka siku hiyo ifike. Tena mama mwenye mistari michache nyuma ya nyumba huweza kulisha watoto wake, na mafungu yaliyosalia akayauza njiani, akapata fedha za chumvi na za daftari za shule.

Basi mama huyo aamkapo asubuhi akakuta majani yametobolewa kama chujio, hofu humshika. Aghalabu hatua yake ya kwanza ni kwenda dukani kuomba "dawa ya wadudu". Mwenye duka humwuliza ana fedha kiasi gani. Ni mara chache amwulizapo ni mdudu gani. Hurudi nyumbani na kichupa, akaazima bomba kwa jirani, akapiga dawa siku ya Jumatatu. Jumatano huchuma, kwa maana sukuma haingoji na wateja hawangoji. Jumatano hiyo hiyo jioni mboga imo chunguni. Na katika mambo hayo yote hapana mtu aliyegeuza jani hata moja kutazama upande wake wa chini.

Hapo ndipo penye kosa. Kazi ya kuiokoa mboga huanza kwa macho. Dawa isiyotanguliwa na macho mara nyingi huwaua wadudu wamsaidiao mkulima, humwacha yule amharibiaye, na kisha huingia katika chakula cha nyumbani. Mazungumzo haya yataeleza kwa nini iko hivyo, na nini cha kutazama.

Jambo la kwanza ni kinywa cha mdudu. Wadudu wa mboga wako wa namna mbili. Wako wenye meno ya kutafuna, nao huacha matundu, kingo zilizolika, na vinyesi vidogo vya kijani kibichi au vyeusi juu ya jani. Wako wenye mrija wa kufyonza, mfano wa sindano, nao hawaachi tundu lo lote. Jani lao hujikunja, hubadilika rangi, hunata, na mmea wote hudumaa. Mtu akilijua hilo tu, amekwisha kuondoa nusu ya mashaka yake, kwa kuwa dawa ifaayo kwa mtafunaji yaweza isimdhuru kabisa mfyonzaji. Kadhalika na ajue kwamba si kila jani baya lina mdudu. Jani likianza kuwa manjano ukingoni, na umanjano huo ukaingia ndani kwa umbo la pembe tatu, na mishipa yake ikawa myeusi, huo ni ugonjwa wa kuoza uletwao na bakteria. Hapana dawa ya wadudu duniani itakayouponya, na afadhali mmea huo ung'olewe.

Kutazama kwenyewe kwataka utaratibu, wala si kupita kando ya shamba ukiwa na haraka ya kwenda sokoni. Ifaavyo ni asubuhi na mapema, mara moja kila juma, mkulima aingie shambani na kutembea kwa kukata pembe, huku na huku, akichagua miche 20 katika sehemu mbalimbali. Asichague ile mizuri tu, wala ile mibaya tu. Katika kila mche na ageuze majani mawili au matatu, kisha atazame moyo wa mmea, yaani majani machanga ya katikati. Avionavyo na aviandike, hata kama ni kwa mkaa juu ya kipande cha ubao: viwavi wangapi, vidukari wengi au wachache. Hesabu ya juma moja haimwambii mengi. Lakini hesabu ya juma hili ikiwekwa karibu na ya juma lililopita humwonyesha kama wadudu wanaongezeka au wanapungua, na wakiwa wanapungua wenyewe, mwenye busara huweka fedha zake mfukoni.

Adui aliye mkubwa kuliko wote wa sukuma wiki, na wa kabichi pia, ni mtoto wa nondo mmoja mdogo sana. Nondo huyo hafiki sentimita moja kwa urefu. Rangi yake ni ya kijivu yenye hudhurungi, na akikunja mabawa yake mgongoni huonekana mstari wa rangi ya maziwa wenye pembe pembe, kama vipande vya almasi vilivyopangwa. Kwa sababu hiyo Wazungu walimwita nondo wa mgongo wa almasi. Mchana hujificha katikati ya majani; jua linapotua huruka, na wakati huo ndipo apatapo mwenzake na kutaga. Mkulima akitikisa mmea wakati wa magharibi akaona vipepeo vidogo vya kijivu vikiruka chini chini na kutua tena, na ajue kwamba mgeni amekwisha kuingia.

Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 100. Huyaweka moja moja au machache pamoja karibu na mishipa ya jani, nayo ni madogo hata ni vigumu kuyaona pasipo kioo cha kukuzia. Kiwavi atokapo katika yai huingia kwanza ndani ya ngozi ya jani na kula huko akiwa amefichika. Siku chache baadaye hutoka, akakaa upande wa chini, akala nyama ya jani na kuiacha ile ngozi ya juu. Hivyo hupatikana alama ambayo haina mfano wake: kidirisha cheupe, chembamba kama karatasi ya mafuta, kipitishacho mwanga. Ngozi hiyo ikikauka na kupasuka ndipo tundu linapoonekana, na ndipo mwenye shamba anaposhtuka. Lakini hapo adui amekwisha kukaa siku nyingi.

Kiwavi mwenyewe ni wa kijani kibichi kisichokoza, amechongoka mbele na nyuma, na hata akikomaa hafikii sentimita moja na nusu. Iko njia moja ya kumjaribu ambayo watoto wa shule huipenda. Aguswe taratibu kwa ncha ya jani la nyasi. Akiwa ndiye, atajipinda kwa nguvu, atarudi kinyumenyume kwa haraka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha atajiangusha na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Kiwavi mwingine wa sukuma, ambaye hukunja mgongo kama upinde atembeapo, hafanyi hivyo, na yule mnene wa rangi nyeusi hujiviringa tu na kuanguka.

Katika nchi ya joto, tangu yai hata nondo ni majuma mawili au matatu. Kwenye baridi ya milimani hukawia zaidi. Kwa hiyo, katika sehemu zenye joto, vizazi zaidi ya 10 huweza kupita katika mwaka mmoja. Hilo si jambo dogo, kwa maana ndilo limfanyalo mdudu huyu kuwa mgumu kushindwa kwa dawa. Dawa ipigwapo, wengi hufa, lakini wachache ambao kwa asili yao wana uwezo wa kuistahimili husalia. Hao ndio wazaao kizazi kifuatacho. Dawa ile ile ikirudiwa juma kwa juma, kila kizazi huwa na wastahimilivu wengi kuliko kile kilichotangulia, mpaka siku moja mkulima hupiga dawa asubuhi, na jioni viwavi bado wanakula. Hudhani kwamba ameuziwa maji. Pengine kweli ameuziwa maji, kwa kuwa hata hilo hutokea; lakini mara nyingi dawa ni nzima, ila wadudu wamebadilika.

Mambo hayo hayakuanza jana. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT ina nguvu ya kuua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Siku zile wengi walidhani ya kuwa vita vya wadudu vimekwisha. Lakini mwaka 1953 habari zilitoka kisiwa cha Java, huko Indonesia, kwamba nondo huyu hafi tena kwa DDT. Alikuwa miongoni mwa wadudu wa mazao wa kwanza kabisa kuishinda dawa hiyo. Tangu wakati huo, dawa nyingine nyingi zilizotengenezwa zimeshindwa naye katika sehemu mbalimbali za dunia. DDT yenyewe ilikatazwa kutumiwa katika kilimo cha Kenya mwaka 1986, kwa sababu hukaa udongoni miaka mingi na kujikusanya katika mafuta ya miili ya wanyama na watu.

Sasa na watajwe wale wadudu ambao mkulima hawajui kwa majina, nao humfanyia kazi bila ujira. Yuko nyigu mmoja mwembamba, mweusi, mdogo, aitwaye na wataalamu Diadegma. Hamwumi mtu. Kazi yake ni kutembea juu ya majani ya sukuma akimtafuta kiwavi wa nondo yule. Amwonapo humchoma na kuweka yai ndani ya mwili wake. Kiwavi haanguki akafa papo hapo. Huendelea kula, ijapokuwa kidogo, huku mtoto wa nyigu akimla kwa ndani. Mwisho, kiwavi anapojifumia kifuko chake ili ageuke nondo, mtoto wa nyigu hummaliza humo humo, naye hufuma kifuko chake mwenyewe ndani ya kile cha kiwavi. Siku zikitimia, badala ya nondo hutoka nyigu.

Katika Kenya nyigu wa asili walikuwapo tangu zamani, lakini walikuwa wachache na hawakumtosha adui. Kwa hiyo wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walileta nyigu wa namna hii kutoka Taiwan, mahali ambapo alikuwa amekwisha kujulikana kwa kazi yake. Hawakumwachilia mara moja. Kwanza walimfuga chini ya ulinzi, wakamchunguza. Kisha mwaka 2002 aliachiliwa katika sehemu mbili: mwezi wa Julai huko Werugha, katika vilima vya Taita, na mwezi wa Septemba huko Tharuni, karibu na Limuru. Katika miaka mitatu iliyofuata nondo walipungua sana mahali pote pawili, na nyigu wakaenea wenyewe katika mashamba ya jirani, bila mtu kuwabeba. Lakini nyigu huyu hupenda baridi ya milimani. Kwa sehemu za joto, wataalamu hao hao walileta ndugu yake mwingine kutoka Afrika Kusini, aliyezoea jua.

Lakini kuna sharti. Nyigu huyo hana ngozi nene, wala hajifichi chini ya jani kama kiwavi. Dawa kali ipigwapo, yeye hufa kwanza, na yule kiwavi mstahimilivu husalia pasipo mlinzi. Huko Malaysia, katika nyanda za juu za Cameron, nyigu waliletwa katika miaka ya 1970, lakini kwa miaka mingi faida yao haikuonekana vizuri, kwa kuwa wakulima walikuwa wakipiga sumu mfululizo. Walipozipunguza zile sumu kali na kutumia zile zimwuazo kiwavi peke yake, ndipo nyigu walipofanya kazi yao. Mkulima wa Taita apigaye sumu kila juma hufanya vile vile kama mtu amwajiriye mlinzi wa usiku, kisha akamfungia ndani.

Je, atajuaye kwamba nyigu wamo shambani mwake? Na atafute vifuko chini ya majani. Kifuko cha nondo ni kama wavu mwepesi, na mtu akitazama humwona ndani yake yule anayegeuka, wa kijani au wa hudhurungi. Kifuko cha nyigu ni kizito, hakionyeshi ndani, na ncha zake ni za mviringo kama punje ya mpunga iliyofutika pembe. Akivikuta vile vizito kuwa vingi kuliko vile vya wavu, avumilie juma moja kabla ya kufanya lo lote, kisha ahesabu tena. Huo ndio uchunguzi usiohitaji mashine wala fedha, na mtoto wa darasa la tano huweza kuufanya.

Wa pili ni vidukari, ambao wengine huwaita chawa wa mimea. Hawa ni wafyonzaji. Wale wa kabichi na sukuma ni wa kijivu, wamefunikwa na unga kama waliomwagiwa majivu, nao hukaa kwa makundi mnene katika moyo wa mmea na chini ya majani machanga. Katika hali ya hewa ya huku, jike huzaa watoto walio hai pasipo dume wala yai, na watoto hao huanza kuzaa baada ya siku chache. Ndiyo maana kundi dogo la Jumapili huwa kubwa mno Jumapili ifuatayo, hasa wakati wa kiangazi. Jani hujikunja kama kijiko. Zaidi ya hayo, vidukari hubeba magonjwa ya virusi kutoka mmea hata mmea, na mmea ulioshikwa na virusi hauna tiba.

Kwa vidukari pia wako wasaidizi. Yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu au wa machungwa wenye madoa meusi, ambaye watoto humchezea, hula vidukari wengi kwa siku. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, mweusi, ana miiba na madoa ya manjano, mfano wa mamba mdogo, na kwa ajili ya sura yake hiyo watu wengi humwua wakidhani ndiye mharibifu. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa hula vidukari kwa uchu mkubwa. Tena mtu akiona vidukari waliovimba, wakakauka, wakawa wa rangi ya karatasi ya kahawia, na wengine wana tundu la mviringo mgongoni, hao wamekwisha kuuawa na nyigu mwingine mdogo, ambaye alikulia ndani yao na kutoka kwa tundu lile. Wala wasiondolewe, katika hao wasiotobolewa bado wamo nyigu wengine wa kutoka.

Sisimizi wapandao na kushuka katika shina la sukuma hawali mboga. Hufuata maji matamu yatokayo katika vidukari, na kwa ajili ya utamu huo huwafukuza wale wadudu wa kusaidia. Penye msafara wa sisimizi, mtu na aufuate mpaka mwisho wake, atavikuta vidukari.

Kundi la vidukari likiwa bado ni la majani machache, majani hayo yachumwe na kuzikwa, au kundi lipondwe kwa vidole, au wapigwe kwa maji yenye nguvu. Maji ya sabuni huwadhuru pia, kwa kuwa huondoa ule unga wao wa kujikinga. Walakini sabuni ikizidi huunguza majani. Basi yafaa kujaribu kwanza juu ya miche miwili au mitatu, na kungoja siku mbili kuona matokeo. Majivu husaidia kidogo, lakini mvua ya kwanza huyaosha.

Wadudu wengine watajwe kwa upesi. Miche michanga ikikutwa asubuhi imekatwa juu ya ardhi kama kwa kisu, mkataji ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo atembeaye usiku. Na achimbuliwe kwa kidole karibu na mche uliokatwa, ataonekana amejikunja. Kulima mapema, majuma kadhaa kabla ya kupanda, huwafichua hao kwa ndege na kwa jua. Matundu madogo sana mengi, kama ya sindano, na wadudu weusi warukao kama viroboto waguswapo, ni dalili ya mbawakawa mdogo ambaye huidhuru miche michanga tu. Mmea ukikua humshinda. Katika sehemu kavu na zenye joto yuko pia mdudu mwenye umbo la ngao, mweusi mwenye madoa ya machungwa na meupe, ambaye hufyonza mpaka jani likawa jeupe na kunyauka. Huyo hutaga udongoni, na kumwagilia maji kwa juu pamoja na kupalilia humsumbua.

Maji, kwa kweli, ni silaha ambayo wengi huisahau. Mvua kubwa huwaosha viwavi wadogo na vidukari, ndiyo sababu mashambulizi makali huwa wakati wa kiangazi. Mwenye kumwagilia kwa kunyunyizia juu wakati wa magharibi humsumbua nondo saa ile ile atakayo kuruka na kutaga. Asifanye hivyo, lakini, kama shamba lina ule ugonjwa wa kuoza uliotajwa, kwa kuwa maji ya majani huueneza.

Na kuna mashina ya zamani. Ni desturi ya wengi kuiacha sukuma kuukuu isimame hata ikafikia kimo cha mtu, ina vijani vichache kileleni, kwa kuwa ni huruma kuing'oa ingali ikitoa fungu moja kwa juma. Lakini mashina hayo ndiyo nyumba ya wadudu. Mkulima hupanda miche mipya kando yake, na wenyeji wa mashina ya zamani huhamia chakula kipya bila hata kusafiri. Yakiisha faida yang'olewe, yalishwe mifugo au yafukiwe katika shimo la mboji, na kitalu cha miche mipya kiwekwe mbali nayo. Katika msimu unaofuata, mahali pale papandwe maharagwe, vitunguu au mahindi, ambayo nondo huyu hayali. Mistari michache ya dania ikiachwa itoe maua hulisha nyigu na rafiki wengine, kwa maana wengi wao hunywa asali ya maua.

Hata hivyo iko miaka ambayo hayo yote hayatoshi. Hesabu imepanda majuma mawili mfululizo, vifuko vya nyigu hakuna, na moyo wa mmea unaliwa. Hapo dawa ina haki yake. Kwa viwavi, ya kwanza kufikiriwa ni ile iliyotengenezwa kwa bakteria, ijulikanayo kwa kifupi kama Bt. Kiwavi lazima aile ndipo afe; haimdhuru nyigu, wala yule wa madoa meusi, na kwa vidukari haina kazi yo yote. Jua huiharibu, basi ipigwe jioni, na ipigwe chini ya majani waliko viwavi. Hata hiyo isigeuzwe kuwa mazoea ya kila juma, kwa maana huko Hawaii, katika mwaka 1990, ilitangazwa kwamba nondo huyu ameanza kuishinda shambani. Penye mwarobaini, kama vile pwani, kokwa zake zilizokauka hutwangwa, gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, zikalala usiku kucha, zikachujwa, na maji yake yakapigwa siku ya pili. Mdudu hafi papo hapo, bali huacha kula na hushindwa kukua. Asiyelijua hilo hudhani dawa haikufanya kazi.

Zikija sumu za dukani, mama yule wa mwanzo na amchukulie afisa wa kilimo jani lenye mdudu mwenyewe ndani ya karatasi, au amwonyeshe mwenye duka. Na asinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Chupa hiyo haina jina la dawa, haina kipimo, haina tarehe, na mtoto mwenye kiu haulizi. Kwenye chombo cha asili kuna ukanda wa rangi: mwekundu ni sumu kali kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo, ijapokuwa si ya kunywa. Hapo pia pameandikwa siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuchuma. Dawa nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi.

Siku hizo ndizo zinazowashinda watu wa sukuma. Kabichi hukatwa mara moja, basi yaweza kungoja. Sukuma huchumwa kila juma, na kuiosha kwa maji hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia katika jani. Njia ni hii: kwanza yachumwe majani yote yaliyo tayari, yaliwe au yauzwe; kisha ndipo dawa ipigwe juu ya machanga yaliyobaki, na mtu asiguse shamba lile mpaka siku zitimie. Mwenye mistari mingi aigawe sehemu mbili, apige sehemu moja na kuchuma nyingine, na kigingi chenye kitambaa chekundu kisimamishwe katika ile iliyopigwa, ili hata mtoto aliyetumwa mboga ajue asiingie. Na mteja wa mjini naye, anayesukuma pembeni kila fungu lenye tundu, na akumbuke kwamba jani lisilo na tundu hata moja halijulikani limepita katika nini.

Apigaye dawa na avae mikono mirefu, viatu vya mpira na glavu, afunike pua na kinywa, afuate upepo usimrudishie, na asile wala kuvuta sigara mpaka amekwisha kunawa kwa sabuni. Bomba lisisafishwe mtoni. Chombo kilichokwisha kioshwe kwa maji mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba na kupigwa shambani pamoja na dawa, kisha chombo kitobolewe kwa msumari chini na ubavuni, ili mtu ye yote asije akakichukua kuwekea mafuta au maji ya kunywa.